Wakala wa biashara ya nje

Wakala wa biashara ya nje ni mtu au kampuni katika nchi ya wanunuzi ambaye humtafutia wateja muuzaji wa nchi nyingine na kujadiliana nao kwa niaba yake. Hanunui bidhaa mwenyewe, bali hulipwa kamisheni, yaani asilimia ya mauzo. Ni tofauti na msambazaji, anayenunua bidhaa kwa fedha zake, kuziuza kwa faida yake na kubeba hasara zikikosa soko.

Wakala anaijua lugha, desturi na wateja wa mahali pake, hivyo muuzaji anaingia sokoni bila kufungua tawi. Muuzaji hubaki na mamlaka ya kupanga bei, lakini kwa kawaida mteja asipolipa, hasara ni yake.

Katika Umoja wa Ulaya, wakala wa bidhaa analindwa na agizo la tarehe 18 Desemba 1986. Mkataba usio na kikomo hauvunjwi bila taarifa ya angalau mwezi 1 katika mwaka wa kwanza, miezi 2 katika mwaka wa pili na miezi 3 baada ya hapo. Wakala akiachishwa bila kosa lake, anaweza kudai malipo kwa ajili ya wateja aliowapata au hasara aliyoipata.

Mwaka 2000, katika kesi ya Ingmar dhidi ya Eaton Leonard, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba kampuni ya Marekani haiwezi kukwepa malipo hayo kwa kuandika mkatabani kuwa sheria ya California ndiyo itakayotumika, ikiwa wakala alifanya kazi Uingereza, wakati huo nchi mwanachama. Kwa hiyo muuzaji huhitaji kuijua sheria ya nchi ya wakala kabla ya kutia sahihi.