Ismarwa: Albamu ya Gidi Gidi Maji Maji Iliyoleta Ocha Kwa Rap

Kama unasoma hii ukiwa Nyalenda, mtaa wako ni mfano poa wa kuanzia. Pale Ring Road uko tao kabisa, lakini ingia ndani kidogo utapata boma za watu waliokuwa hapo kabla Kisumu haijapanuka ikawameza. Ocha na tao zinaishi pamoja. Chukua hiyo hali uiweke kwa biti, hapo utaelewa Ismarwa.

Albamu hii ilitoka mwaka wa 2000. Ndiyo ya kwanza ya Joseph Ogidi, yaani Gidi Gidi, na Julius Owino, ama Maji Maji, na prodyuza alikuwa Tedd Josiah. Jina lenyewe ni ujanja: "is" ya Kizungu imegongana na "marwa" ya Dholuo. Ni yetu.

Tuseme ukweli, si wao walianza kurap kwa lugha ya mama. Poxi Presha alishatikisa na Otonglo Time miaka ya tisini, na Hardstone aliweka Kikuyu kwa Uhiki. Lakini kumbuka ni juzi tu Kalamashaka wa Dandora walikuwa wameonyesha kwamba Kiswahili na Sheng zinaweza kubeba hip hop. Kushika maiki na Dholuo Nairobi ilikuwa kujitafutia jina la mshamba. Jibu la hawa wasee lilikuwa Ting Badi Malo, yaani inua mikono juu, na hata mtu asiyejua neno lingine la Dholuo aliinua.

Mbona ilishika hivyo? Nadhani ni pakruok. Kama umewahi kuenda sherehe ya nyatiti ama ohangla, umeona: mtu anasimamisha mpigaji, anatoa doh, anajisifu, anasifu kwao, anasifu marafiki, kisha ngoma inaendelea. Manze, hiyo si ni rap tu? Majigambo ya Bronx yalipata wenyewe wakiwa wameanza kitambo.

Marekani nao walizozana 2019, Billboard ilipoondoa Old Town Road ya Lil Nas X kwa chati ya country. Huko, swali lilikuwa kama ocha itakubali rap. Kwetu lilikuja kinyume: je, tao itakubali ocha?

Tao ilikubali, na siasa ikafuata. 2002 wakatoa Unbwogable, ambayo haiko kwa Ismarwa lakini ujanja ni ule ule: "bwogo", kutisha, limevalishwa Kizungu mbele na nyuma. Mle ndani wanataja vigogo wa Kiluo, pakruok waziwazi. NARC wakaidaka kwa kampeni, na Desemba hiyo KANU ikatoka baada ya miaka 39. Noma ni kwamba ngoma moja ilifunika kazi yote ya mbele. Uliza mtu leo kuhusu Gidi Gidi Maji Maji, atakuimbia Unbwogable, kisha ananyamaza.

Wengine hata hawajui ni msanii. Ile sauti ya Radio Jambo asubuhi kwa tuk-tuk ukienda Kibuye, ya yule jamaa wa Patanisho anayepigia watu simu wasameheane, ndiye Gidi huyo huyo.

Itafute albamu. Anza na Ting Badi Malo.