Kanuni Yenye Ratiba, Si Kanuni ya Muda

Msimamizi wa mtandao anayetaka maabara ya kompyuta ya shule ipate intaneti saa za masomo tu huandika, kwenye ukuta wa moto, kanuni inayofanya kazi kwa siku na saa alizozitaja. Nje ya saa hizo kanuni ipo, ila haihesabiwi. Wapo wanaoiita "kanuni ya muda", na jina hilo linapotosha. Kitu cha muda, kama kibali cha muda au makazi ya muda, ni kile kitakachoondolewa. Kanuni hii inabaki na inajirudia. Mimi naiita kanuni yenye ratiba. (Huo "ukuta wa moto" nao, ambao kazi yake ni kuzuia moto na si kuwaka, umeshazoeleka mno kubadilishwa.)

Mitego yote imo kwenye ratiba. Katika Linux, kipengele cha saa cha iptables, programu ya ukuta wa moto, husoma UTC usipokielekeza vinginevyo, na Afrika Mashariki iko saa 3 mbele. Aliyeandika 08:00 hadi 17:00 akikusudia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni atashangaa intaneti ikifunguka saa tano asubuhi na kufungwa saa mbili usiku. Alipaswa kuandika 05:00 hadi 14:00.

Usiku una matata zaidi. Ukitaja Ijumaa, 22:00 hadi 06:00, iptables huona vipande viwili vya Ijumaa ileile: saa zake za kwanza baada ya usiku wa manane, na saa zake mbili za mwisho. Sisi husema "usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi" na tukaelewana. Programu huelewa hivyo ikiongezewa tu chaguo la --contiguous.

Tena, kuta nyingi hutanguliza kanuni inayoruhusu miunganisho iliyokwisha kuanza. Mwanafunzi aliyeanza kupakua filamu kabla ya saa ya kufunga ataimaliza bila bughudha. Ukuta wa moto wa pfSense huikata miunganisho hiyo ratiba inapokwisha, isipokuwa ukiuzuia usifanye hivyo.

Na haya yote ni bure kama saa ya kifaa si sahihi. Raspberry Pi 4, kwa mfano, haina saa yenye betri, hivyo umeme ukikatika hupoteza wakati. Kabla ya kuandika ratiba yoyote, hakikisha kifaa kinapata saa kwa NTP, na usiifunge bandari 123 ya UDP inakopitia.