Sikio la Speke, pua ya Buwenge

John Hanning Speke, Mwingereza aliyefika kwenye maporomoko ya Jinja tarehe 28 Julai 1862 na kutangaza kwamba hapo ndipo Nile inapoanzia, alikuwa amekwisha kuteseka sana na kichwa chake. Miaka minne nyuma, akiwa kando ya Ziwa Tanganyika, mbawakawa alimwingia sikioni usiku. Alimimina siagi iliyoyeyushwa, mdudu akazidi kuchimba. Alipokata tamaa alichukua kisu kidogo akamchoma humo humo sikioni. Mdudu alikufa, lakini uso ulivimba, usaha ukatoka, na kwa miezi mingi hakusikia sawasawa. Speke mwenyewe aliandika kwamba kidonda kilitoboa tundu kati ya sikio na pua, hata kila alipopenga kamasi sikio lilipiga mluzi na waliokuwa karibu wakacheka.

Daktari wa leo angemwambia kwamba njia ya kutoka puani hadi sikioni alizaliwa nayo, kama sisi sote. Kilichotoboka ni kiwambo cha sikio tu. Lakini kisa hiki kinaonyesha jambo ambalo historia ya kutibu pua imelirudia mara nyingi: mtu mwenye maumivu ndani ya uso hushika chombo chochote kilicho karibu, na mara nyingi chombo ndicho huleta jeraha.

Ndani ya uso mna vyumba vya hewa, vingine kwenye paji, vingine mashavuni, vingine kati ya macho na nyuma yake. Vyote hufunguka puani kupitia vijia vyembamba sana. Utando wa ndani ukivimba, vijia hufunga na kamasi hukwama. Hali hiyo ikizidi majuma 12, madaktari huihesabu kuwa sinusi sugu. Mgonjwa anaijua bila kuhesabu: pua imeziba, makamasi mazito yanateremka kooni, mashavu yanauma akiinama, harufu ya mchuzi haipati tena.

Buwenge, mji mdogo kwenye barabara ya Jinja kwenda Kamuli, una kila kitu cha kuuchokoza utando huo. Miwa imeuzunguka. Malori ya miwa hutimua vumbi kiangazi, majani makavu huchomwa mashambani, na jikoni ni kuni na mkaa. Miwa hiyo, pamoja na viwanda vya Jinja, ina historia yake. Muljibhai Madhvani alianza kiwanda cha sukari cha Kakira mwaka 1930, bwawa la Owen Falls likafunguliwa mwaka 1954, na miaka miwili baadaye shaba ya Kilembe ikaanza kuyeyushwa Jinja. Kuyeyusha shaba ya aina ile hutoa gesi ya salfa, ambayo pua ya binadamu haiipendi hata kidogo. Tanuri la shaba lilizimika zamani, lakini moshi wa jikoni haujazimika, na kwa maoni yangu huo ndio usiotajwa vya kutosha mgonjwa anapokwenda kuomba dawa.

Kabla ya viwanda watu walikuwa na njia zao. Iliyoenea kuliko zote ni kujifukiza: sufuria ya maji yanayochemka, majani ndani yake, blanketi juu ya kichwa. Majani yalikuwa ya mchaichai, au ya kivumbasi, ambacho Waganda na majirani zao hukiita mujaaja. Mkaratusi uliingia baadaye, ulipoletwa wakati wa ukoloni, na leo wengi hudhani ni dawa ya mababu. Wengine walinusa ugoro ili wapige chafya. Chafya ilifungua pua kwa muda, na tumbaku ikaendelea kuuchoma utando ule ule. Njia ya tatu haikuletwa kama dawa. Uislamu ulipoenea Busoga na Mbale, waumini walijifunza kutawadha, na katika udhu kuna kupandisha maji puani na kuyatoa. Wahindi waliokuja kufanya biashara Jinja nao wana desturi ya kale ya yoga ya kupitisha maji ya chumvi kutoka tundu moja la pua hadi la pili. Msomaji aikumbuke hiyo chumvi, maana tutakutana nayo tena.

Ulaya nako watu walishika visu. Mwaka 1651 daktari Nathaniel Highmore alieleza kwa makini chumba kilicho ndani ya shavu. Alisimulia habari za mwanamke aliyeng'olewa jino la juu, usaha ukawa unachuruzika kwenye pengo. Mama yule aliingiza pini ya fedha humo, ikazama. Akajaribu unyoya, ukazama zaidi. Alidhani ameugusa ubongo. Highmore alimtuliza kwa kumweleza kwamba pale juu ya meno pana uwazi. Kutoka hapo wapasuaji walitoboa mashavu kupitia pengo la jino, na mwishoni mwa karne ya 19 George Caldwell wa New York mwaka 1893 na Henri Luc wa Paris mwaka 1897 walieleza, kila mmoja kivyake, upasuaji wa kufungua shavu kupitia ufizi na kutengeneza tundu la kudumu la kuingilia puani. Upasuaji huo ukabeba majina yao wote wawili kwa karibu karne nzima.

Mwaka huo huo wa 1897 Albert Cook alianzisha hospitali ya Mengo. Tiba ya kizungu haikupokewa na wote. Kule Mbale, mji uliojengwa na Semei Kakungulu, Kakungulu mwenyewe alijiunga na Wamalaki, madhehebu yaliyoanza Buganda mwaka 1914 na kufundisha kwamba mwenye imani hana haja ya daktari wala dawa. Baadaye aliachana nao akaanzisha jumuiya ya Kiyahudi ya Abayudaya. Ni rahisi kuwacheka Wamalaki leo. Ila kwa mgonjwa wa sinusi wa mwaka 1914, aliyekimbia kisu cha Caldwell na Luc huenda hakupoteza kitu kikubwa.

Hospitali ya Jinja ina ukurasa wake katika historia ya uso wa mwanadamu, na ukurasa huo ni onyo. Mwaka 1957 Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago aliyepoteza jicho moja utotoni, aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote. Majuma machache baadaye, akiwa ziarani hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa aina hiyo, ameketi nje na mama yake. Hapo akajua kwamba hajaona ajali ya mtoto mmoja. Aliandika juu ya uvimbe huo mwaka 1958, na saratani hiyo leo inaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo shavu lililovimba, hasa la mtoto, lisifanywe sinusi hadi limetazamwa na mtu anayejua.

Onyo la pili lilikuja na UKIMWI. Sinusi na magonjwa mengine ya njia ya hewa yanayorudi rudi yamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dalili za hatua ya pili ya maambukizi ya VVU. Shirika la TASO, la kuwahudumia wenye VVU, lilianzishwa mwaka 1987 na likafungua vituo Jinja na Mbale. Mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya VVU zikaanza kutolewa bure Uganda. Kwa wagonjwa hao, kilichotuliza pua ni kinga ya mwili kurudi. Kipimo cha damu kilifanya kazi ambayo chupa kumi za dawa ya pua zisingeweza.

Na chupa hizo zipo tele. Dawa za matone za kufungua pua huanza kufanya kazi baada ya dakika chache, lakini zikitumiwa zaidi ya juma moja hivi utando huzizoea na kuvimba zaidi zinapoachwa, hivyo mtu hununua chupa nyingine. Antibiotiki nazo hutolewa dukani kwa kila kamasi ya njano. Sinusi sugu kwa sehemu kubwa ni uvimbe wa utando, wala si vijidudu vinavyosubiri kuuawa. Kuuziwa antibiotiki kila msimu wa vumbi ni kulipia jina la dawa.

Aliyebadilisha fikra za wapasuaji ni Walter Messerklinger wa Graz, Austria. Alichunguza jinsi kamasi linavyosafiri katika vyumba vya uso na akaona kwamba vijinywele visivyoonekana kwa macho hulisukuma kuelekea mlango wa asili wa kila chumba. Ukitoboa mlango mwingine chini, kama Caldwell na Luc walivyofanya, vijinywele havijali. Vinaendelea kupeleka kamasi kule kule juu, kwenye mlango ulioziba. Tangu hapo wapasuaji, wakitumia darubini nyembamba zilizotokana na lenzi za Harold Hopkins, hufungua mlango wa asili na kuacha mengine yalivyo. David Kennedy aliueneza upasuaji huo Marekani katikati ya miaka ya 1980.

Lakini kwa walio wengi kisu hakihitajiki, na hapa chumvi inarudi. Mwaka 2002 David Rabago na wenzake wa Wisconsin walichapisha utafiti wa watu 76 uliodumu miezi sita. Waliosafisha pua kila siku kwa maji ya chumvi walipata nafuu na kutumia antibiotiki kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2016 utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 871 ulilinganisha maji ya chumvi na kujifukiza. Maji ya chumvi yalisaidia kiasi. Mvuke haukuonyesha faida ya maana, zaidi ya kupunguza kidogo kuumwa kichwa. Habari hii inawauma wapenzi wa blanketi na sufuria, lakini watoto wanaounguzwa na sufuria hizo wanajulikana kila wodi.

Kipimo chenyewe ni nusu kijiko cha chai cha chumvi isiyo na mchanganyiko katika kikombe cha maji, robo lita hivi, na soda ya kuokea (baking soda) kidogo sana ili isiwashe. Mtu huinama juu ya beseni, hupumua kwa mdomo, humimina nusu tundu moja na nusu tundu la pili. Maji yanayovutwa kwenye udhu ni machache mno na hayana chumvi. Desturi ni jirani, kazi si ile ile. Daktari akiona utando umevimba sana huongeza dawa ya kupuliza ya steroidi, ambayo huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, na wengi huiacha mapema.

Maji hayo lazima yachemke dakika moja au zaidi kisha yapoe. Mwaka 2011 watu wawili wa Louisiana walikufa baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na amiba anayeitwa Naegleria fowleri, anayepanda kutoka puani hadi ubongoni. Karachi, Pakistani, amiba huyo huyo amehusishwa na vifo vya watu waliopandisha maji ya bomba puani wakitawadha. Kisima, chemchemi au bomba la Buwenge halina msamaha wa pekee.

Kamasi inayonuka upande mmoja tu inataka kwanza daktari wa meno, kwa sababu mzizi wa jino la juu unaweza kuwa ndio chanzo, kama kwa yule mama wa 1651. Jicho likivimba, au kuona kukiwa na ukungu, mtu asisubiri foleni ya kituo cha afya: aende hospitali ya rufaa ya Jinja, au ya Mbale kwa aliye upande huo, siku hiyo hiyo.