Kakatua Aliyefuata Njia ya Karafuu

Maktaba ya Vatican inahifadhi kitabu cha karne ya 13, kilichoandikwa kwa Kilatini, kinachofundisha namna ya kuwinda kwa kutumia ndege. Pembezoni mwa kurasa zake mmejaa picha za rangi za mamia ya ndege: mwewe, korongo, bata, bundi. Humo humo, mara nne, anaonekana ndege mweupe mwenye kishungi kichwani na mdomo mfupi uliopinda. Ndege huyo ni kakatua, kasuku ambaye kwao ni Australia, Papua, Ufilipino na visiwa vya mashariki mwa Indonesia. Picha hizo zilipochorwa, hakuna baharia wa Ulaya aliyekuwa amefika huko. Ilibaki zaidi ya karne mbili kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi.

Aliyekiandika kitabu ni Frederick II, mfalme wa Sicily na kaisari wa Dola Takatifu la Kirumi, katika miaka ya 1240. Nakala iliyopo Vatican ilitengenezwa kwa ajili ya mwanawe, Manfred. Kaisari mwenyewe ameeleza alivyompata ndege huyo: aliletewa zawadi na sultani wa Babeli, jina ambalo Wazungu wa zama hizo walilipa jiji la Kairo. Sultani huyo alikuwa al-Kamil, mtawala wa Misri aliyefanya naye mapatano mwaka 1229 na kumkabidhi Yerusalemu bila vita. Wawili hao walikuwa wa dini mbili zilizokuwa zikipigana, lakini walipelekeana wajumbe, maswali ya kielimu na wanyama.

Mwaka 2018 watafiti wa Australia na Finland walichapisha uchunguzi wao kuhusu picha hizo nne. Kabla ya hapo, picha ya kakatua iliyodhaniwa kuwa ya kale kuliko zote Ulaya ilikuwa ile iliyomo katika mchoro wa Andrea Mantegna wa mwaka 1496. Kwa ugunduzi huo, historia ya ndege huyu katika Ulaya ikarudi nyuma takriban miaka 250.

Alifikaje Kairo? Jibu la kuaminika limo jikoni. Zama hizo karafuu zilizotumika Misri zilitoka mahali pamoja tu duniani, visiwa vya Maluku, na kungumanga zilitoka Banda, jirani na hapo. Zilipita mkono kwa mkono, kutoka jahazi hadi jahazi, kupitia bandari za Java na Sumatra, kisha India, kisha Aden na Bahari ya Shamu. Karafuu za Unguja na Pemba, zilizokuja kupandwa katika karne ya 19, asili yake ni visiwa hivyo hivyo. Palipopita gunia la karafuu, tundu la ndege nalo lingeweza kupita. Bahari hii ilizoea mizigo yenye uhai: mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa hadi katika kasri la mfalme wa Uchina.

Wachina nao walikuwa wamewafahamu kasuku weupe zamani sana. Kumbukumbu za enzi ya Tang zinasimulia kwamba katika karne ya 7 mfalme Taizong aliletewa kasuku, mmojawapo mweupe, kutoka ufalme wa kusini uliokuwa katika Vietnam ya leo. Ndege hao wakawa wanalalamika kwa baridi. Mfalme akawahurumia, akaamuru warudishwe kwao. Katika historia nzima ya biashara hii, uamuzi kama huo ni nadra kuukuta.

Swali la kwa nini ndege huyu, na si mwingine, alistahimili safari ya miezi na miaka na kuwapendeza wafalme lina majibu kadhaa. Anakula mbegu na kokwa, vyakula visivyooza upesi chomboni. Anaishi miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 40. Anaiga sauti za watu. Lakini lipo jambo jingine lililowashangaza watu kila alikopita, nalo liko chini, kwenye mguu.

Mtazame kuku uani. Vidole vitatu vimeelekea mbele, kimoja nyuma. Ndivyo walivyo ndege wengi, kuanzia shomoro hadi tai. Kakatua, kama kasuku wote, ana viwili mbele na viwili nyuma: kidole cha nne, kile cha upande wa nje, kimegeuka na kuungana na gumba. Kwa hiyo mguu wake hufumba kama koleo, jozi ikikutana na jozi. Msomaji aliyewahi kumwona kinyonga akishika kijiti ameona kitu kinachokaribia kufanana nao. Si ajabu kwamba katika Kimalei, lugha iliyoipa dunia jina kakatua, neno hilo hilo pia ni jina la koleo ya kung'olea misumari.

Mguu huo ukifanya kazi, unageuka kuwa mkono. Mwaka 1857 mwanasayansi Mwingereza Alfred Russel Wallace alikuwa visiwa vya Aru, kusini-magharibi mwa Papua, akamchunguza kakatua mkubwa mweusi akila kokwa ya mkenari, ambayo ganda lake ni gumu kiasi cha kuhitaji nyundo. Ndege huishika kokwa kwa mdomo, akaibana kwa ulimi, na kwa mdomo wa chini akaikata mfuo kama anayetumia msumeno. Kisha huihamishia mguuni. Hapo hung'ata kipande cha jani na kukiweka katika pengo la mdomo wa juu, ili kokwa isiteleze, akairudisha mdomoni na kubana mpaka kipande cha ganda kinavunjika. Mguu unaishika tena, naye anachokoa kiini kwa ncha ya mdomo, chembe baada ya chembe. Wallace aliyachapisha maelezo hayo mwaka 1869, na hata leo ni vigumu kuyasoma bila kumwona fundi kazini.

Kuna jambo dogo ambalo watafiti wa Australia wamelithibitisha baadaye: kakatua wengi weupe wenye kishungi cha manjano ni mashoto. Hushika chakula kwa mguu wa kushoto.

Wataalamu wa kale waliuona mpangilio huo wa vidole wakaupa uzito. Aristotle aliuandika katika karne ya 4 kabla ya Kristo, akimtaja ndege mdogo wa jamii ya kigong'ota anayezungusha shingo. Mwaka 1811 Mjerumani Johann Illiger aliwakusanya kasuku, vigong'ota na kekeo katika kundi moja la "wapandaji," na Mfaransa Georges Cuvier naye alifanya hivyo mwaka 1817. Mguu uliwapoteza. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba jamaa wa karibu wa kasuku ni ndege waimbaji kama shomoro na chiriku, wenye vidole vitatu mbele. Imeonekana pia kwamba kasuku akiwa bado ndani ya yai, kidole cha nne huanza kikielekea mbele kama cha kuku, halafu misuli hukigeuza.

Mguu huo huo ndio uliotiwa mnyororo. Katika karne ya 20 usafiri wa anga ulichukua nafasi ya majahazi, na kakatua wadogo wa Sulawesi na Timor wakanaswa kwa maelfu kwa ajili ya masoko ya nje. Mwaka 2005 kakatua mdogo mwenye kishungi cha manjano aliingizwa katika orodha kali zaidi ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, inayopiga marufuku biashara ya kimataifa ya ndege walionaswa porini. Kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo aliamuliwa vivyo hivyo mwaka 2016. Lakini magendo hayakukoma: Mei 2015 polisi wa Surabaya, Indonesia, waliwakamata kakatua zaidi ya 20 wakiwa wamesokomezwa mmoja mmoja katika chupa za plastiki za maji.

Kakatua hao wadogo waliobaki porini kwao wanakadiriwa kuwa kati ya 1,200 na 2,000 waliokomaa. Wengine wapatao 200 wanaishi huru Hong Kong, wakilala kwenye miti ya bustani katikati ya maghorofa. Ni kizazi cha ndege walioletwa mjini kuuzwa.