Usalama wa mafundi wa kuchomelea vyuma (Mwanza)

Usalama wa mafundi wa kuchomelea ni kinga dhidi ya ajali na magonjwa yanayotokana na kuunga, kukata na kusaga chuma kwa umeme au gesi. Jijini Mwanza na katika miji mingine ya mwambao wa Ziwa Victoria, suala hili linagusa makundi mawili. La kwanza ni mafundi wa bandari, viwanda na karakana za vivuko, ambao wana mwajiri. La pili, lililo kubwa zaidi, ni mafundi wa kando ya barabara, ambao kila mmoja ni bosi wa mashine yake.

Mazingira ya kazi

Ufundi wa chuma ulikua Mwanza pamoja na bandari na reli, iliyofika mwaka 1928 kutoka Tabora. Leo karakana zinapatikana Nyakato, kwenye eneo la viwanda vidogo la SIDO, na kando ya barabara za Igogo, Mabatini, Buzuruga, Igoma na Buhongwa. Kazi za kila siku ni mageti, grili za madirisha, vitanda, majiko, maguta na matrela. Nyingi hufanyika nje, chini ya kipande cha bati au mwembe. Upepo wa ziwani hupunguza moshi, lakini mwanga wa kuchomelea humfikia pia mpita njia na mama lishe wa jirani.

Macho na ngozi

Madhara ya macho ndiyo yanayofahamika zaidi. Cheche ya umeme inayoyeyusha chuma hutoa mionzi ya urujuanimno inayounguza konea kama jua kali linavyobabua ngozi. Maumivu hayaji papo hapo. Huanza saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku: macho hutiririka machozi, mwanga haustahimiliki, na fundi husema amemwagiwa mchanga. Kwa kawaida hali hiyo huisha katika siku moja au mbili. Vipande vya kiazi na maziwa vinavyowekwa machoni mitaani si tiba, na vinaweza kuingiza vijidudu.

Anayeumia zaidi mara nyingi ni msaidizi. Fundi ana ngao. Kijana anayeshikilia pembe ya geti hana kitu, hivyo hugeuza uso na kufumba macho kila kijiti cha kuchomelea kinapogusa chuma. Miwani ya jua haitoshi kwa kazi hii. Kioo cha ngao ya kuchomelea kwa umeme huwa na namba ya giza kati ya 10 na 13 kulingana na ukubwa wa mkondo, na cha kazi ya gesi huwa chepesi zaidi. Baada ya kuunga, miwani myeupe bado inahitajika, kwa kuwa maganda yanayogongwa kwa nyundo huruka yakiwa ya moto. Mikono mirefu, glovu za ngozi na buti hukinga mwili. Shati la nailoni huyeyuka na kugandia ngozini.

Moshi

Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kwa ushahidi wa saratani ya mapafu. Mionzi ya urujuanimno ya kazi hiyo iliwekwa kundi hilohilo, kwa saratani ya jicho. Moshi huwa na chembe za chuma na manganizi. Ule wa chuma kisichoshika kutu huongeza kromiamu. Kuchomelea bomba au bati lenye zinki huleta homa, baridi na kikohozi jioni ya siku hiyo, dalili ambazo katika ukanda wenye malaria nyingi hufikiriwa kwa urahisi kuwa malaria.

Imani kwamba maziwa hukata sumu ya moshi imeenea sana. Maziwa huingia tumboni, nao moshi uko mapafuni. Kinga halisi ni kukwangua rangi na zinki kabla ya kuunga, kukaa upande upepo unakotoka, kutoinamia moshi, na kuvaa barakoa yenye kichujio cha chembe. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe hizo.

Umeme

Baadhi ya mashine husukwa mitaani kwa nyaya za shaba na hutumika bila mfuniko wala erthi. Miamba ya itale ya Mwanza hufanya kazi ya kufukia fimbo ya erthi kuwa ngumu, na mvua za vuli na masika hulowanisha ardhi ambayo fundi husimama juu yake, wakati mwingine akiwa na kandambili. Nyaya zilizochubuka na viungio vilivyozungushiwa mfuko wa plastiki huongeza hatari ya kupigwa na umeme.

Moto, milipuko na grenda

Pipa au tangi lililowahi kuwa na petroli huweza kulipuka hata likionekana tupu, kwa sababu mvuke hubaki ndani. Lisiguswe kwa moto kabla ya kusafishwa na kujazwa maji. Mitungi ya gesi husimamishwa na kufungwa mnyororo, uvujaji hupimwa kwa povu la sabuni, na vali ya oksijeni haipakwi mafuta wala grisi. Jiwe la inchi 9 likifungwa kwenye grenda ndogo iliyong'olewa kinga, huzunguka kupita kasi iliyoandikwa juu yake na linaweza kupasuka.

Kelele za grenda huharibu usikivu polepole.

Meli na vivuko

Meli ya MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6 na nafasi ya abiria 1,200, iliunganishwa katika Bandari ya Mwanza Kusini na kushushwa majini Februari 2023. Ndani ya matangi ya meli kama hiyo hewa huisha haraka na kuta zote hupitisha umeme. Taratibu za kuchomelea ndani ya matangi hayo hutaka kibali cha kazi ya moto, kupima hewa, feni, na mtu wa kusimama mlangoni.

Sheria

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 husimamiwa na OSHA, wakala wa serikali ya Tanzania ulioanzishwa mwaka 2001. Sheria hiyo humtaka mwajiri kusajili eneo la kazi, kutoa vifaa vya kinga na kupima afya za wafanyakazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, hulipa anayeumia kazini kwa michango ya mwajiri. Sheria hiyo na mfuko huo vimejengwa juu ya mwajiri, wakati fundi wa barabarani hana mwajiri.

Mafunzo rasmi hutolewa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), lakini wengi hujifunza kwa kumtazama fundi mkuu. Kijana huiga anachokiona: karakana ambayo fundi wake havai ngao hutoa mafundi wasiovaa ngao.