Tezi ya Shingo: Mbona Kila Mara Urudi Kliniki?

 

Juzi mama mmoja alinijia akiwa amekasirika. Alikuwa amepanda matatu mbili, akakaa kwenye foleni tangu saa moja asubuhi, akatolewa damu, ndipo akaingia kwa daktari. Daktari akatazama karatasi ya maabara, akasema, "Iko sawa. Endelea na dawa ile ile, rudi baada ya miezi sita." Dakika mbili tu! Akaniuliza, "Sista, huku ni kutibiwa ama ni kusumbuliwa?"

Sikumlaumu. Nilimsimulia habari za zamani, na leo nakusimulia wewe.

Tezi ya shingo, ambayo madaktari huiita thairoidi, iko mbele ya koo. Hutoa homoni inayouambia mwili ufanye kazi kwa kasi gani. Homoni hiyo ikipungua mtu huchoka, huhisi baridi, ngozi hukauka, choo huwa kigumu na uzito huongezeka. Zamani ugonjwa huu haukuwa na dawa. Mgonjwa alivimba uso, akawa mzito wa kutembea na kusema, na hali ikazidi mwaka hata mwaka.

Mnamo 1891 daktari kijana wa Newcastle, Uingereza, aitwaye George Murray, alitengeneza dawa ya maji kutokana na tezi za kondoo, akamdunga mama wa miaka 46. Mama akapata nafuu. Mwaka uliofuata madaktari wakaona kwamba hata kuinywa kunatosha. Mama yule aliishi miaka 28 zaidi, akafariki 1919 akiwa na miaka 74. Murray alipiga hesabu akaona kuwa dawa aliyotumia ilitoka kwa kondoo zaidi ya 870. Hebu fikiria zizi hilo!

Miaka hiyo yote hapakuwa na kipimo cha damu cha kuonyesha kama dawa inatosha. Daktari alilazimika kumtazama mgonjwa uso na ngozi, kuhesabu mapigo ya moyo na kumuuliza anavyojisikia. Hata baada ya homoni yenyewe kupatikana Marekani mwaka 1914, na kutengenezwa katika maabara Uingereza mwaka 1927, bado dozi ilikuwa ni ya kukisia.

Kipimo tunachotumia kilianza katika miaka ya 1960. Hakipimi tezi ya shingo moja kwa moja. Hupima ujumbe unaotoka kwa tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo. Tezi ya shingo ikilegea, ile ya juu hupaza sauti. Ndiyo maana namba ikipanda daktari huongeza dawa, jambo ambalo huwachanganya wengi.

Kipimo kilipoenea, ilionekana kwamba wagonjwa wengi walikuwa wakimeza dawa kupita kiasi, na huku wanajisikia vizuri. Dawa ikizidi kwa muda mrefu, moyo huweza kupiga ovyo na mifupa hudhoofika. Hiyo ndiyo sababu tunakutoa damu hata siku ambayo huumwi popote.

Na mbona wiki sita baada ya dozi kubadilishwa? Kwa sababu dawa hii haitoki mwilini upesi. Baada ya wiki moja nusu yake ingali imo. Ukipimwa mapema, namba itakudanganya. Dozi ikishatulia, kurudi mara moja au mbili kwa mwaka hutosha kwa wengi.

Lakini mama yule alikuwa na haki pia. Madaktari wa zamani walimtazama mgonjwa bila namba. Sisi siku hizi, foleni ikiwa ndefu, tunatazama namba bila mgonjwa. Nami nimefanya hivyo, nakiri. Kwa hiyo usingoje kuulizwa. Ukiingia tu, sema: "Daktari, bado nachoka," ama "Moyo wangu unaenda mbio." Uliza namba yako ni ngapi, uandikiwe kwenye kitabu chako, ili safari ijayo ulinganishe.

Pia sema unavyomeza dawa. Inataka tumbo tupu na maji matupu, nusu saa au zaidi kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu huizuia isiingie mwilini, kwa hivyo viache saa nne mbele. Nimeona mama anaongezewa dozi mara kwa mara, kumbe anavimeza vyote pamoja na uji wa asubuhi.

Na ukikosa hedhi ukidhani una mimba, usingoje tarehe iliyo kwenye kadi. Usiache dawa. Njoo wiki hiyo hiyo upimwe, kwa maana mahitaji yako huongezeka mapema, na miezi ya kwanza mtoto tumboni hutegemea homoni yako wewe.