Njia Nne za Kuanza Bao

Sataranji humpa aanzaye njia 20; bao la Kiswahili, njia 4 tu. Kete 22 zi mkononi, nyumba ina 6 na haiguswi, wala hakuna cha kula: hutakata. Akitakata kulia, mwenziwe naye hulazimika kutakata. Akitakata kushoto, humpa cha kula papo hapo. Mwaka 1995 Alexander de Voogt alipata udaktari huko Leiden kwa kuchunguza mafundi wa Unguja. Nami, mtu wa kisiwani, nilikwenda Kilosa na hesabu hiyo kichwani. Barazani, mzee mmoja wa Mikumi akaanza kushoto, makusudi, akanipa kete moja. Nilicheka. Kabla kahawa haijapoa nyumba yangu ililiwa. Sikuandika hatua zake, nilidhani nitarudi.